Wiki sita nikipitwa na basi la bure

Nilifika Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, Agosti 2017, na kwa wiki sita nilikwenda chuoni kwa miguu. Kutoka Eagle Heights, kwenye nyumba za chuo wanakokaa wanafunzi wa uzamili, mpaka idara ya udongo ni zaidi ya nusu saa kwa mtu mwenye begi zito. Njia yenyewe ni nzuri, inafuata ufukwe wa Ziwa Mendota chini ya miti, nami niliwaambia wenzangu kwamba napenda kutembea. Uongo mtupu. Kila asubuhi basi namba 80 lilinipita limejaa wanafunzi, na mimi kichwani napiga hesabu: dola mbili kwenda, dola mbili kurudi, mara siku tano, mara shilingi elfu mbili na mia mbili na ushee za kwetu. Nikifika hapo nakaza mwendo.

Wiki ya saba ikaja mvua ya upepo. Nikasimama kituoni na noti ya dola tano, basi likaja, nikapanda, nikamnyooshea dereva. Akaitazama noti, akanitazama mimi, akasema neno ambalo sikulisikia, akafunga mlango na kuondoa gari. Nikabaki nimesimama na noti yangu mkononi kama mtu aliyefika msibani na rambirambi akakuta mshika daftari kaondoka. Mama mmoja aliyekaa viti vya mbele na mtoto mapajani akanihurumia: "Hili halilipiwi, dada. Kaa."

Basi namba 80 halina nauli, na si kwa wanafunzi tu. Hata mpita njia anapanda. Kwa wiki sita sikumwuliza mtu hata mmoja.

Binti wa kaka yangu kapata nafasi chuo kimoja huko huko Marekani, na tangu juzi ananiuliza abebe koti gani na sufuria ngapi. Nimemjibu ya sufuria. Haya mengine ni marefu, ndiyo maana nayaandika hapa.

Siku ninaondoka Muheza, mama yangu, mwalimu mstaafu, aliniambia neno moja mlangoni: "Ukifika huko usiwasumbue watu wa watu." Mtu wa Tanga anajua uzito wa kauli hiyo. Mgeni hafungui sufuria za mwenyeji, hasemi njaa inamuuma, akiulizwa kama anataka chai anasema ameshiba. Nikaenda na adabu hiyo nzima nzima mpaka Wisconsin, nikaikuta nchi ambayo ukisema umeshiba wanaondoa sahani.

Kilichonizindua ni bili. Masomo yangu yalilipiwa na mradi wa msimamizi wangu, lakini palikuwa na mstari mmoja wa ada ya huduma za wanafunzi, dola mia kadhaa kila muhula, na huo ulikuwa juu yangu. Jioni ile ya mvua nikakaa nikausoma vizuri. Ndani yake mna mchango wa mabasi, mna zahanati ya chuo, mna kumbi za wanafunzi, mna viwanja vya michezo. Kumbe nilikuwa nimeshanunua tiketi na bado natembea kando ya barabara.

Tuanze na saa za ofisi, maana ndizo zilizotaka kunimaliza. Kila somo lina silabasi, na juu kabisa ya silabasi mhadhiri huandika: saa za ofisi, Jumanne saa nane mpaka saa kumi. Mimi nilivyoelewa, hizo ni saa ambazo profesa yuko ofisini anafanya kazi zake, kwa hiyo asisumbuliwe. Shahada ya kwanza nilisoma nyumbani, tulikuwa wengi darasani, na shida zetu zilipitia kwa CR, mwakilishi wa darasa. Mwanafunzi akionekana mlangoni kwa mhadhiri, wenzake wanaulizana kapatwa na nini, kapoteza alama au kala sapu, ule mtihani wa marudio. Basi Jumanne saa nane nilikuwa napita mbali na korido ile.

Somo la takwimu likanipa 41 kwa 100 katika mtihani wa kwanza. Walikuwa wanatumia R, ambayo ni programu ya bure, na mimi nilikuwa naiona mara ya kwanza. Ila tatizo halikuwa R. Sikuwa nimeelewa majaribio ya shamba lililogawanywa mara mbili, yale ambayo darasa zima lilionekana kuyajua toka tumboni. Msaidizi wa mhadhiri, kijana mpole, aliandika chini ya karatasi yangu: "Njoo saa za ofisi." Nikaisoma kama hati ya kuitwa mahakamani.

Nilikwenda na daftari, kalamu tatu, na kauli ya kuomba radhi niliyoifanyia mazoezi kwenye basi. Profesa hata hakuisikiliza. Aliniuliza tu, kwetu tunalima nini. Nikamwambia mpunga bondeni, machungwa mlimani. Akanipa chaki: "Chora bonde." Nikachora majaruba, nikachora mfereji. Akasema, haya, unataka kujaribu viwango viwili vya maji na mbegu nne, utafanyaje? Nikamwambia maji huwezi kuyafungulia mstari mmoja wa mpunga ukayafungia mstari wa jirani. Maji yanaingia jaruba zima. Mbegu ndizo unazoweza kuzibadilisha humo ndani. Akacheka, akapiga mstari chini ya mchoro wangu. Hilo ndilo shamba lililogawanywa mara mbili! Majaruba makubwa yana makosa yake ya kipimo, vipande vidogo ndani yake vina makosa yake, na ukiyachanganya hesabu inakudanganya. Akaniambia hesabu hizi zilizaliwa shambani kwenyewe, Rothamsted huko Uingereza, ambako R. A. Fisher aliajiriwa mwaka 1919 kuchambua rekodi za mazao. Mimi miaka yote nilidhani ni watu wa mjini walizitunga ili watutese sisi wa kilimo.

Muda wote huo mlangoni walikuwa wamekaa wanafunzi wengine wawili, Wamarekani, wanakula karanga wakisubiri zamu. Mmoja alikuwa na alama 93. Alikuja kuuliza kwa nini si 100.

Jambo la pili ni madesa. Anayejua anajua: ulipewa desa, yaani notisi za mwalimu, ulilikariri, ukalirudisha kwenye mtihani kama lilivyo, nukta na mkato, na kadiri unavyolirudisha bila kulijeruhi ndivyo ulivyoonekana makini. Kubadilisha maneno ya mwalimu ilikuwa kama ufedhuli. Sasa andika insha Marekani kwa mkono huo uone.

Kituo cha uandishi kiko ghorofa ya sita ya jengo la Helen C. White, dirishani unaliona ziwa lote. Ni bure, unaweka miadi kwenye kompyuta, unakaa na mtu mnasoma kazi yako. Nilikwenda nikitaka kusahihishiwa Kiingereza, nikasema hivyo hivyo: nisahihishie. Yule dada, mwanafunzi wa udaktari wa historia, akasema wao hawasahihishi, tusome kwa sauti kwanza. Nikasoma. Aya ya kwanza na ya pili zilipita. Katikati ya aya ya tatu akaweka kidole mezani, akauliza, "Hapa anaongea nani?"

Hapo alikuwa anaongea mwandishi wa mwongozo wa udongo, neno kwa neno, kwa sentensi nne. Nilikuwa nimemtaja mwishoni kwenye orodha ya marejeo na nikaona nimemheshimu vya kutosha. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba kwa kanuni za kule, maneno ya mtu yasiyofungwa kwa alama za nukuu ni wizi hata kama jina lake umelitaja mwishoni, na wapo waliofukuzwa vyuo kwa hilo. Kisha akafunga kompyuta yangu, akasema nimweleze bila kusoma. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, udongo mfinyanzi unavyoshika maji na kuyakatalia mizizi. "Andika hayo." Ndiyo aya iliyobaki mpaka kwenye tasnifu. Na nitakuwa mkweli: nilirudi ghorofa ile mara zisizopungua ishirini, na mara nyingine nilienda kwa sababu ya lile dirisha.

Maktaba zina mengi, nikianza sitamaliza. Yangu ilikuwa Steenbock, ya watu wa kilimo na sayansi za viumbe. Februari 2018 nikaanza kuumwa mifupa, uchovu usioisha, nikaamini ni mawazo ya nyumbani. Rafiki yangu wa maabara akanisukumia zahanati ya chuo, ile niliyokuwa nimeilipia miezi sita bila kuiona mlango. Wakapima damu: vitamini D iko chini mno. Daktari akanieleza kwamba kwenye latitudo ya 43 jua la baridi linapita chini sana, ngozi nyeusi hailipati vya kutosha, na mimi hata hicho kidogo nilikuwa nimekifungia ndani ya koti. Nikarudi Steenbock na vidonge vyangu mfukoni, nikauliza huyu Steenbock alikuwa nani. Harry Steenbock, profesa wa hapo hapo. Miaka ya 1920 aligundua kwamba chakula kikimulikwa kwa miali ya urujuanimno kinapata vitamini D, na watoto wengi wakaponea matege kwa njia hiyo. Majira yote ya baridi nilikuwa nasoma chini ya jina lake huku ninakosa kitu kile kile. Nikimsimulia mama alisema tu, "Nilikwambia uanike mgongo." Kwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, mama!

Mkutubi mmoja pale ndiye aliyenifundisha kuazima kutoka maktaba nyingine. Nilikuwa natafuta taarifa za zamani kuhusu udongo wa Amani, kule Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Amani iko wilaya yangu. Nimeshapanda lori kwenda huko kufuata iliki. Nikajaza fomu kwenye tovuti kwa moyo wa kujaribu bahati. Siku ya nane nikapata barua pepe, kitabu kimefika kutoka chuo cha jimbo jingine, njoo ukichukue, hakuna malipo. Nikalishika jarida la zaidi ya miaka mia moja, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na ndani yake mna jina la mto ninaoujua. Nilikaa nalo muda kabla sijafungua kompyuta. Kijerumani sijui, kwa hiyo nilisoma majina ya mahali tu, moja moja, kwa sauti ndogo.

Kuhusu karatasi za uhamiaji sitaremba. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa ndani ya Red Gym, jengo jekundu la matofali lenye minara kama ngome, lililojengwa miaka ya 1890 kuwa ghala la silaha na ukumbi wa mazoezi. Lilinitisha, nikalikwepa. Baada ya zile alama 41 nilikuwa nimeshaamua kulifuta somo la takwimu, nibaki na mawili, niko kwenye kitufe cha mwisho usiku wa manane. Mwenzangu wa chumba, Mhindi aliyekaa Marekani miaka minne, akachungulia akapiga ukelele. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, lazima awe na mzigo kamili wa masomo. Shahada ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula, wa uzamili hufuata kiwango cha chuo chake. Ukishuka chini ya hapo bila idhini ya ofisi ile, tena idhini itangulie, unapoteza hadhi yako ya kukaa nchini. Kitufe kimoja kingenirudisha Muheza, na ningeanzaje kumweleza mama.

Kwa hiyo, binti wa kaka, fomu yako ya I-20, ile hati ya chuo unayoombea viza, itunze kama cheti cha kuzaliwa. Ukitaka kusafiri, ipelekwe ikatiwe sahihi ya safari kabla hujakata tiketi; sahihi hiyo haizidi mwaka. Kazi za ndani ya chuo mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Za nje ya chuo usiziguse bila kibali, hata rafiki akikwambia ni kuosha vyombo wikendi mbili tu. Kodi inakuhusu hata kama hukupata senti: kuna fomu 8843, ukurasa mmoja au miwili, unaituma kila mwaka. Na darasa la mtandaoni linalohesabiwa kwenye mzigo kamili ni moja tu kwa muhula. Lolote lisiloeleweka, uliza Red Gym ya kwenu. Wanalipwa kukujibu.

Koti, kwa kuwa uliuliza: usinunue Kariakoo, usinunue jipya. Mimi la kwangu nililipata duka la mitumba pale pale Madison. Tumevaa mitumba maisha yetu yote tukiipokea mkiani mwa mto. Safari hii nilikuwa kwenye chemchemi. Chagua lifikalo magotini, lenye kofia. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 30 na ushee chini ya sifuri, chuo kikafuta masomo, na mimi niliyetoka kutupa taka nikarudi kope zimeshikana. Ziwa lilikuwa limeganda, watu wanalikatiza kwa miguu kana kwamba ni uwanja wa Mkwakwani. Nilikanyaga mara moja. Nilisoma bismillahi, nikapiga hatua saba, nikarudi.

Upweke nao upo. Wiki ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, Novemba ya kwanza, chuo kilihama chote. Nilikuwa nimejiandaa kulala siku nne. Mwanafunzi mwenzangu wa maabara akauliza nitakula wapi, na adabu ya Tanga ikanifikia mdomoni, nimeshiba, asante. Nikaimeza. Nikasema sina pa kwenda. Akanichukua kwao, shamba la ng'ombe wa maziwa, nikaenda na sufuria ya pilau iliyonukia gari zima. Bata mzinga wao ni mkavu, sitaficha, ila pilau ilikwisha na bibi yake akakwangua ukoko.

Baadaye nikagundua Van Hise, lile ghorofa refu la lugha, ambako Kiswahili kilikuwa kinafundishwa. Nikawa nakwenda kuzungumza na wanafunzi. Wanasema "hujambo" kwa kila kiumbe, na nilipowafundisha "shikamoo" kijana mmoja akaanza kumwamkia kila mtu, pamoja na mimi niliyemzidi miaka miwili. Nilimwitikia marahaba, nikaona raha. Jumatano mchana palikuwa na mihadhara ya watu wa masomo ya Afrika, jengo la Ingraham, na huko ndiko nilikokutana na Wakenya wawili walioniambia kuhusu bustani.

Eagle Heights kuna bustani za jamii, mamia ya vipande vya ardhi vilivyopangwa mlimani, na unalipa kidogo unapewa chako kwa msimu mzima. Nilikuwa nimekaa umbali wa dakika tano kutoka pale tangu Agosti. Mei 2018 nikapata kipande. Kabla ya katikati ya mwezi huo hupandi kitu cha joto, umande wa barafu unaweza kurudi usiku mmoja ukaua vyote. Majembe yapo ya pamoja, bandani, ila jembe la Kimarekani lina mpini mrefu na bapa dogo. Unasimama wima unakwangua kama unafagia ua. Halina kuinua, halina kushusha. Nilipigwa picha nimelishika, nikamtumia mama.

Akakaa kimya siku nzima. Jioni akajibu: "Mgeni siku mbili. Naona ya tatu wamekupa."

Nilipanda bamia, pilipili, na mchicha kwa mbegu nilizoletewa na mmoja wa wale Wakenya. Mchicha ukawa mgumu kuota, sijui nilizika chini sana. Lakini kwenye kipande cha jirani, bibi mmoja mwenye kofia ya majani aliyelima maharage kwa mistari iliyonyooka kama rula, mchicha ulikuwa umeota wenyewe kila mahali, wenye mashina mekundu kwa chini. Kila asubuhi anaung'oa, anautupa njiani. Kule ni gugu, lina jina baya linalohusu nguruwe. Siku tatu niliutazama ule uchafu wake ukinyauka juani. Siku ya nne nikamsogelea, nikamwuliza kama naweza kuuchukua.

Aliuliza nafuga kitu gani. Nikamwambia naula mwenyewe, na kitunguu, nyanya na tui la nazi, la kopo kwa kuwa hakuna jingine. Akanitazama usoni kuona kama natania. Kesho yake nilikuta mfuko mlangoni kwenye kipande changu, umejaa, mizizi imekatwa na majani yameoshwa, na juu yake karatasi: nikipika, nimwite.